Kiti Kimoja Kando ya Beseni

Mwanangu alipoleta habari ya kiti, nilikuwa nakaanga vitunguu, na palepale nilijua kiti hicho ni changu.

"Ni kimoja tu, mama. Kinawekwa kando ya meza yangu. Kila mwanafunzi anaruhusiwa mtu mzima mmoja, mtaalamu, wa kukaa naye."

"Basi mtaalamu umeshampata. Huyu hapa, ananuka vitunguu."

Hakucheka. Mtoto huyu tunamwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kunyamaza. Akinyamaza, mimi hushtuka kama ninavyoshtuka friji ikizima: najua kuna kitu kinaharibika ndani.

Shule yao ilikuwa imebuni jambo. Wanafunzi wachache wa kidato cha tatu walipewa neno mojamoja. Kila mmoja alitakiwa kulifuata neno lake kutoka fani hadi fani, aone wenye fani wanalitumiaje, kisha asimame ukumbini mbele ya wazazi, aeleze na aonyeshe kitu cha kutazama kwa macho. Mwenzake mmoja alipewa "mzizi". Mwingine alipewa "shinikizo". Chiriku alipewa "atomi".

"Atomi!" Nilizima jiko kabisa. "Sasa unataka Mungu akupe nini tena?"

Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari, siyo hiyo yake, nyingine. Nina diploma ya chuo, nimeitundika sebuleni mahali ambapo mtu hawezi kuingia asiione. Walimu wa kemia wanakuja na kuondoka. Mimi ndiye ninayejua chupa gani iko wapi na kwa nini isiwekwe karibu na ile nyingine. Habari za atomi kwangu ni kama habari za unga kwa mwoka mikate.

"Ila kina mama mdogo nao wanatumia atomi kazini kwao," Chiriku alisema, akidokoa kitunguu.

Nikampiga kikofi cha mkono. Siyo kwa ajili ya kitunguu.

Huyo mama mdogo siyo mdogo wangu. Mama yangu hakunizalia mdogo. Ni mke wa baba yake Chiriku, aliyeolewa baada ya mimi na yule bwana kuachana, kwa hiyo sina kesi naye mahakamani. Kesi yangu naye iko moyoni, na huko hakimu ni mimi. Kimoyomoyo nilimwita Taratibu. Anatembea taratibu, anaongea taratibu, anakuwekea chai mbele yako taratibu kama anayekupa dawa. Hajawahi kunijibu vibaya hata mara moja. Jaribu wewe kumchukia mtu wa namna hiyo uone shughuli yake. Ni sawa na kupigana na mto wa kulalia.

Chiriku hukaa kwangu siku za shule, na kwa baba yake mwisho wa wiki. Zamani alikuwa akirudi Jumapili amenuna, nywele timtim, ana njaa. Mambo yalikuwa mazuri. Tangu Taratibu aingie kwenye nyumba ile, mtoto anarudi amesukwa, madaftari yamejaladiwa, na mdomoni kuna "mama mdogo anasema". Mama mdogo anasema nisisomee kitandani. Mama mdogo anasema ninywe maji kwanza. Mimi nimesema hayohayo miaka nenda miaka rudi, na kwangu yaliitwa kelele.

"Na kuhusu atomi anasemaje?" niliuliza. Wivu una hamu ya kujua, ila ukijua haushibi.

Chiriku alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na maneno yakafunguka.

"Yeye si anatunza mitambo ya kompyuta ya hospitali? Sasa, mgonjwa akihamishwa wodi, kompyuta inafanya mambo mawili. Inamtoa kitanda hiki, inamwingiza kitanda kile. Umeme ukikatika katikati je? Huku ametoka, kule hajafika. Hayupo popote! Kwa hiyo yale mawili wanayafunga yawe kitendo kimoja kisichokatika. Ama yote yamefanyika, ama hakuna kilichofanyika na mgonjwa yuko palepale. Kitendo cha namna hiyo ndicho wanachokiita cha atomi." Akavuta pumzi. "Ni kama mimi Ijumaa, mama. Siwezi kuwa nimetoka kwako na kwa baba sijafika."

"Wewe Ijumaa unapanda basi na unafika. Hakuna kompyuta hapo."

"Lakini mfano ni mtamu, sivyo?"

Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililoniuma.

Wiki ile nyumba yangu ilijaa atomi. Mwalimu wa hisabati alimwambia kwamba kwenye mantiki wana sentensi ya atomi: ile ndogo kabisa inayoweza kuwa kweli au uongo. "Mvua inanyesha." Ukiikata ukabaki na "mvua" peke yake, huwezi kuiambia wewe mwongo. Kwenye maktaba alisoma kwamba wanafalsafa wa kale walibishana: je, ukikata kitu, ukakata na kipande chake, ukaendelea tu, kuna pa kukoma? Waliosema kuna ndio waliolitoa jina hilo, kisichokatika. Akakuta pia kwamba wataalamu fulani wa zamani wa kuhesabu wakati waliita hivyo kipande kidogo kuliko vyote cha muda. Mwalimu wa uraia naye akatoa lake: familia ndiyo atomi ya jamii, haigawanyiki. Chiriku alinisomea hilo akitazama dirisha.

"Hilo liandike kwa penseli," nikamwambia.

Kuhusu kiti hakusema kitu. Nikavumilia, nikavumilia, uvumilivu ukaisha tukiwa tunaanika nguo.

"Kile kiti unakifikiria mpaka lini?"

"Mama, siyo rahisi. Wewe unajua sana. Yeye naye anajua chake."

"Basi aje hapa. Kila mtu aonyeshe lake mezani, wewe uchague. Mcheza kwao hutunzwa."

"Kweli? Huta... hutamsema?"

"Nimsemee nini mgeni wangu?"

Nilimwalika kwa sababu nilijua nitamshinda. Nina onyesho moja ambalo miaka yote halijaniangusha. Unajaza maji kwenye beseni pana. Yakitulia, unanyunyiza poda ya watoto juu yake, nyepesi, kama vumbi juu ya kabati. Halafu unachovya ncha ya waya mwembamba kwenye mafuta ya zeituni, unapata kitone kidogo kuliko kichwa cha pini, unakigusisha katikati ya maji. Poda inakimbia! Duara jeusi, safi, linafunguka mbele ya macho yako, kubwa kama sahani. Halafu linakoma. Kwa nini linakoma wakati maji bado yapo? Kwa sababu mafuta yamejitandaza mpaka yamebaki na unene wa molekuli moja, na hapo hakuna cha kujitandaza tena. Molekuli siyo atomi, ni fungu la atomi, na mwanafunzi akichanganya hayo mawili mbele yangu huwa namrudisha nyuma aanze upya. Lakini hoja ni ileile: kukata kuna mwisho wake, na mwisho huo unaweza kuupima kwa rula. Nimewaona vijana wakubwa, wenye kiburi cha kunyoa ndevu tatu, wakiinama juu ya beseni hilo midomo wazi.

Kuna sharti moja tu. Beseni hilo haliguswi na sabuni. Sabuni ikibaki hata kwa harufu, inatangulia kujitandaza juu ya maji, na mafuta hayana pa kwenda. Linafutwa kwa spiriti, linasuuzwa kwa maji mengi, basi. Pale maabara nimeliandika kwa kalamu nzito upande wa chini: SABUNI MARUFUKU.

Ijumaa ile niliomba ruhusa, nikatoka kazini mapema na beseni langu kwapani. Nilifagia, nikadeki, nikafuta feni. Nilitoa vikombe vya wageni ambavyo havijawahi kumwona mgeni. Kila nilichokigusa nilimwona Taratibu akikitazama kwa yale macho yake ya upole, akienda kumwambia yule bwana: maskini dada, anajitahidi. Nikasugua zaidi. Sufuria zilisuguliwa mpaka zikafanana na vioo. Sahani, vikombe, vijiko, trei, vyote vilipita kwenye povu la sabuni mpya yenye harufu ya maua niliyoinunua kwa ajili ya siku hiyohiyo, nikavipanga juu ya kitambaa vikauke.

Akabisha hodi.

"Karibu."

"Asante, dada. Habari za tangu siku zile?"

"Nzuri."

Udada wetu sisi ulianzia kwa bwana mmoja, lakini nikaupokea na boksi la biskuti alilokuja nalo. Mikono yake ilinukia losheni, ile ya gharama inayotangulia kuingia mlangoni kabla ya mwenyewe. Alisimama mbele ya diploma yangu, akaisoma yote, mpaka jina la mkuu wa chuo aliyesaini.

"Hongera sana, dada. Kozi hii ni ngumu."

Hata kudharau hajui. Nikamwonyesha kiti.

Alianza yeye. Aliomba vikombe viwili na kijiko. Vikombe ni vitanda, kijiko ni mgonjwa, Chiriku ni umeme. Kila Taratibu alipoinua kijiko kukipeleka kikombe cha pili, Chiriku alizima taa ya jikoni akapiga kelele "Umekatika!", na Taratibu, taratibu, akamrudisha mgonjwa wake kitanda cha kwanza kama hakikutokea kitu. Wakarudia. Wakarudia tena. Mtoto alikuwa akicheka na ule mwanya wake wote, mwanya alioutoa kwangu, kwenye meno yangu mimi.

"Na mgonjwa akifia njiani?" nikauliza.

"Hiyo haipo kwenye kompyuta, dada," Taratibu alisema. "Hiyo iko kwenu watu wa sayansi."

Chiriku alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilisogeza kiti changu nyuma.

"Haya. Sasa njooni muone kitu chenyewe."

Nilijaza beseni kwenye sinki. Nilikuwa natafuta waya kwenye droo, mgongo nimewapa, nikasikia Chiriku akisema, "Mama mdogo, nishikie huku, ni zito," na wakaleta beseni mezani wawili. Nikawaambia wasipumue. Nikanyunyiza poda. Nikachovya waya. Nikainama, na katika kuinama nikaisikia harufu, nyembamba, ya maua, ikitoka kwenye maji.

Kitone kiligusa maji kikakaa. Hakikufungua chochote. Kilibaki pale katikati, duara dogo linalong'aa, kama jicho la samaki wa sokoni likinitazama.

"Subiri kidogo," alisema Chiriku.

Tulisubiri. Nikaweka kingine. Yakawa macho mawili.

Nilijua. Mkono wangu uliliosha beseni pamoja na sahani, bila kuniuliza, kwa sababu akili ilikuwa kwa mgeni. Kosa ambalo ningemfukuzia msaidizi wangu. Ingekuwa ni mwanafunzi mbele yangu, ningesema tu "sabuni", tukasuuza, tukaanza upya. Lakini alikuwa Taratibu. Alikuwa amekaa mikono juu ya mapaja, anangoja kwa heshima, na uso wake ulianza kunionea huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyonifungua mdomo.

"Nani ameingiza vidole kwenye maji?"

"Labda mimi, dada. Tulipobeba, kidole gumba..."

"Na umejipaka losheni."

"Ndiyo, nimejipaka."

"Basi. Umeshaliharibu onyesho. Losheni ni mafuta, mafuta yanatangulia kutanda. Mtu haji kwenye kazi ya watu na mikono ya namna hiyo."

Kila neno nililosema kuhusu losheni ni sahihi kisayansi. Ningeweza kulitetea mbele ya mkaguzi yeyote.

Taratibu alitazama mikono yake, akaificha chini ya meza. "Nisamehe, dada. Sikujua. Nimekuharibia." Akaaga bila kumaliza chai, akamwambia Chiriku atamsubiri kituoni ili amalizie kufunga begi lake. Mlango ulipofungwa, nyumba ilinuka maua na losheni kwa pamoja.

Chiriku aliinamisha pua juu ya beseni. Nilimzaa mimi, nimemfundisha mimi kunusa kitu kwa kupunga mkono kwanza, na ndivyo alivyofanya: alipunga, akanusa. Akalimwaga. Akalipindua, akasoma maandishi yangu mwenyewe upande wa chini. Kisha akaenda kufunga begi.

"Nitamchukua mama mdogo," alisema akiwa mlangoni.

"Kwa sababu ya beseni?"

"Hata kabla ya beseni. Wewe ukiwepo, mama, unajibu kabla sijafungua mdomo. Watu watanitazama mimi na kukusikia wewe." Alivuta zipu ikagoma, akaivuta tena. "Ila la beseni nalo lipo."

"Utamwambia?"

"Nimwambieje? Kwamba mama yangu ni mwongo?" Akabeba begi. "Na beseni naliomba. Nitaonyesha la mafuta. Ni zuri kuliko la vijiko."

Nikampa. Sikumwambia kwamba poda ikizidi duara linakwama, wala kwamba waya ukichovywa sana kitone kinakuwa kikubwa, duara linafika ukingoni na onyesho linakufa. Ningeweza kumwambia kwa sentensi moja. Nilisimama mlangoni na sentensi yangu mdomoni mpaka alipokata kona.

Siku yenyewe nilivaa vizuri, nikaenda nikakaa safu ya nne. Msema kweli mpenzi wa Mungu: nilienda nikitamani wakwame. Siyo sana. Kiasi cha mtoto kuinua macho na kunitafuta ukumbini. Nilijiona nikipita katikati ya viti, pole pole, nikiombwa.

Walipoitwa, Chiriku alibeba beseni tupu na ndoo ya maji, na Taratibu akafuata nyuma yake. Nikasikia watu wakicheka mbele. Nilinyoosha shingo. Mwanamke yule, gauni lake la heshima, kitambaa kichwani kimekaa sawasawa, alikuwa amevaa glavu za mpira za njano, zile za jikoni, mpaka kwenye viwiko. Akakaa kwenye kiti changu. Akaiweka mikono yake ya njano juu ya mapaja, mbali na maji, kama mtu aliyebeba mayai.

"Mama, vipi, unaoga au unafua?" baba mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Hapana," Taratibu alijibu, akiwa makini kabisa. "Mikono yangu inaharibu maji. Niliambiwa na mtaalamu."

Watu wakacheka tena. Mimi nilihisi kama nimekalia pasi ya moto.

Chiriku alianza. Alisimulia vizuri, sikujua anajua kusimulia hivyo, maana nyumbani huwa namkatiza. Alianza na wanafalsafa na kisu chao kisichokoma. Akasema sentensi ya mvua. Akasema vitanda vya hospitali, na Taratibu akainua vikombe viwili kwa mikono yake ya njano, ukumbi ukafurahi. Halafu akajaza beseni. Akanyunyiza poda, kidogo, sawasawa kabisa. Akachovya waya, akaukung'uta mara moja pembeni, kitu ambacho sikuwahi kumfundisha. Walikuwa wamefanya mazoezi. Kule, bila mimi, wamekosea na kurudia mpaka wakapata. Nilishika ukingo wa kiti.

Duara lilifunguka.

Safu ya mbele ilisimama, ya pili ikasimama ili ione, na mimi nikasimama juu ya vidole. Lilikuwa duara zuri kuliko yangu mengi. Nilifurahi, na nilichukia kwamba nimefurahi, vyote kwa mkupuo mmoja. Taratibu alikuwa amesahau adabu zake, anapiga makofi na glavu zinalia pwata pwata.

Yule baba wa nyuma akanyoosha mkono. "Swali. Atomi ni kisichokatika. Lakini wanasayansi si waliikata zamani? Mabomu yale yalitoka wapi? Mbona bado mnaiita hivyo?"

Jibu lilinipanda kooni. Nilikuwa nalo zima, na mfano wake. Chiriku alitazama meza. Alimtazama Taratibu, naye akatikisa kichwa, hana. Nikauma shavu kwa ndani.

"Nadhani," Chiriku alisema, "kila fani ina pake pa kuwekea kisu chini. Siyo kwamba haiwezi kukata. Chembe ya dhahabu ukiikata zaidi ya hapo, unapata vipande, ila siyo dhahabu tena. Sentensi ya mvua ukiikata unapata maneno, ila hayana ukweli tena. Uhamisho wa mgonjwa ukiukata, unapata... mgonjwa aliyepotea. Kwa hiyo ni kipimo. Ukikikata, kile kitu kinabaki kuwa kilekile? Kikibaki, basi hujafika kwenye atomi."

Makofi. Mwalimu wa uraia alikuwa mstari wa mbele, akauliza kwa sauti ya kujipendekeza, "Na familia je, binti? Lile langu umeliacha?"

Nilimwona mwanangu akisita. Hakunitazama mimi, wala hakumtazama Taratibu.

"Nimelipima, mwalimu, likakataa. Yetu ilikatwa. Na kila kipande bado ni familia."

Aliyasema hayo kama anavyosoma kipimajoto. Watu wakapiga makofi, wale wasiojua habari zetu kwa nguvu zaidi. Mimi sikupiga. Miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba nyumbani ni kwangu, na kule ni mahali mtoto anapokwenda na kurudi, kama kliniki. Sasa yule niliyemfundisha mwenyewe kupima kitu kabla ya kukisema amepima, na matokeo yamesomwa mbele ya ukumbi. Nilitafuta kosa kwenye hesabu yake. Nilitafuta kwa bidii.

Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alimgeukia mwenzake. "Mtoto yule amelelewa. Ona na mama yake alivyo mpole, kakubali kuvaa hata glavu."

Nikatoka kwenye safu. Niliwakanyaga watu wawili, nikaenda moja kwa moja mpaka mezani. Taratibu akainuka nusu.

"Shikamoo, dada. Sijagusa maji, Mungu anaona. Nilikaa mbali..."

"Vua hizo glavu."

"Lakini losheni..."

"Haikuwa losheni. Niliosha beseni kwa sabuni ya vyombo. Mimi mwenyewe. Nilijua palepale kitone kilipokaa, nikakusingizia wewe."

Alinitazama. Alitazama glavu. Akaanza kuzivua, na safari hii haikuwa taratibu: ya kwanza ilitoka na kumpiga Chiriku begani.

"Yaani tangu siku ile," alisema, na sauti ikaanza kupanda ngazi, "tangu siku ile sijajipaka kitu! Hata mafuta ya kawaida! Nimekaa kazini ngozi inanikauka kama kenge, najiuliza mimi nina mikono gani inayoharibu maji ya watu! Nimekaa mbele ya ukumbi mzima na glavu za kuoshea choo!"

"Za choo?"

"Mpya! Usibadilishe habari! Wewe mwanamke una roho gani?"

"Ya wivu," nikasema.

"Wivu wa nini? Wa yule bwana? Mchukue! Kesho asubuhi nakuletea na mto wake!"

"Nani anamtaka? Nilimrudisha mwenyewe. Wivu wa huyu." Nikamwonyesha Chiriku kwa kidevu.

"Huyu? Huyu ambaye kila nikimpikia ananiambia mama yangu hapiki hivyo? Kila nikimwambia jambo, mama yangu ameshasema? Mimi ndiye wa kuonewa wivu, mimi?"

Nilimgeukia Chiriku. Chiriku alikuwa akikunja waya kwa makini makubwa sana.

"Mbona sijawahi kulisikia hilo?" nikauliza.

"Wewe hujawahi kuuliza," alisema. "Jamani, watu wanatazama. Na wa shinikizo anasubiri meza."

Kweli, kijana wa shinikizo alikuwa amesimama na baiskeli yake na pampu, hajui aende au arudi. Taratibu alikuwa bado anahema, pua zimemtanuka. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu, siyo mto. Mtu huyu tungeweza kugombana naye vizuri.

Beseni lilijaa pomoni, na hakuna mwenye akili timamu anayebeba beseni lililojaa peke yake. Nikashika ukingo mmoja.

"Utashika huko au utaendelea kufoka?"

"Nashika. Na sijamaliza."

"Utamalizia nje."

Tukalipeleka mlangoni, hatua fupifupi, maji yakituruka miguuni, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba anainamisha. Kwenye ngazi vidole vyetu viligusana chini ya beseni. Baada ya siku zote hizo bila losheni, mikono yake ilikuwa bado laini kuliko yangu. Hilo nalo liliniudhi.